Tuzipandishe ngano zetu kwenye lori

Mtahiniwa wa KCSE anayefanya karatasi ya Fasihi huulizwa mara kwa mara ataje sifa za mighani, au atofautishe hurafa na usuli. Aghalabu hulijibu swali hilo vyema. Amekariri kwamba mighani huwa na shujaa mwenye uwezo usio wa kawaida, kwamba shujaa huyo ana siri ya nguvu zake, na kwamba mwisho wake huletwa na usaliti. Hupewa alama zake akaenda zake, na tangu siku hiyo yamkini asimsikie hata mzee mmoja akisimulia jinsi kivuli cha Luanda Magere kilivyochomwa mkuki. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ni wangapi kati yao waliowahi kuisikia ngano, si kuisoma, ikisimuliwa kutoka mwanzo hadi tamati. Mikono inayoinuka ni michache, na mingi kati ya hiyo ni ya waliolelewa na nyanya zao.

Tumeifanya fasihi simulizi kuwa somo la kuandika. Napendekeza, basi, jambo ambalo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kulianza muhula huu bila kungoja waraka kutoka wizarani: watunge tamthilia za sauti zilizojengwa juu ya ngano zetu, na wazitungie barabarani. Zamani tungeziita michezo ya redio. Siku hizi si lazima redio ihusike, kwani mchezo waweza kurekodiwa ukawekwa katika mtandao kama podikasti, au ukatiwa katika kadi ya simu na kupitishwa mkono kwa mkono. Nasisitiza pia kwamba tamthilia hizo ziwe huru, na neno hilo lahitaji kuelezwa.

Mchezo wa redio si mgeni kwetu. Kizazi changu kililelewa nao tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla ya shirika hilo kubadilishwa jina na kuwa KBC mwaka wa 1989. Hata hivyo, michezo mingi iliyopata fedha za kutosha katika eneo hili ilizipata kwa sababu ilibeba ujumbe wa mtu. "Ushikwapo Shikamana", iliyosikika nchini mwishoni mwa miaka ya 1980, ilihusu upangaji uzazi. Huko Tanzania, "Twende na Wakati" ilianza kusikika katika Radio Tanzania mwaka wa 1993 ikiwa na wajibu wa kufunza kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na mhusika wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori. Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Watafiti walihakikisha kwamba eneo la Dodoma halikuupata mchezo huo hadi mwaka wa 1995 ili waweze kulinganisha wasikilizaji na wasiosikiliza, na ilidhihirika kwamba mchezo ulibadilisha mienendo ya watu. Lakini tazama yaliyompata dereva wetu. Katika tamthilia mashuhuri kabisa ya Kiswahili kuhusu mtu wa barabarani, alitiwa barabarani ili augue na afe, wengine wapate funzo.

Ngano ikipata mfadhili wa namna hiyo hunyong'onyea. Zimwi huanza kutoa nasaha kuhusu kunawa mikono, na sungura huhimiza wananchi wajisajili kupiga kura. Mwalimu naye, kwa mazoea ya darasani, hudai kila kisa kifungwe kwa funzo, kana kwamba nyanya alipotusimulia habari za kijiji kilichogharikishwa pale Simbi, karibu na Kendu Bay, alitutolea pia orodha ya maadili. Alituambia tu kwamba kikongwe alifika penye karamu ya pombe, akafukuzwa, mwanamke mmoja akamhurumia. Mvua ikanyesha na kijiji kikawa ziwa. Kisha alinyamaza. Tulilala tukiisikiliza mvua juu ya paa. Tamthilia huru ni ile inayoweza kunyamaza pale aliponyamaza nyanya.

Wenzetu wa Marekani wameonyesha kwamba jambo hili lawezekana bila kituo cha redio. Mwaka wa 2012 walianzisha "Welcome to Night Vale", matangazo ya kubuni kutoka mji wa jangwani wenye mambo ya ajabu, na mwaka wa 2016 Joseph Fink, mmoja wa waandishi wake, akatoa "Alice Isn't Dead": mwanamke ashika usukani wa lori na kuzunguka nchi nzima akimtafuta mkewe aliyedhaniwa kuwa amekufa, na kila kituo cha mafuta na kila mkahawa wa kando ya barabara una kiumbe chake cha kutisha. Kwa sehemu kubwa sauti ni moja tu, ya dereva akizungumza katika redio ya lori lake. Yeyote mwenye kalamu na koo zuri angeweza kuifanya.

Lakini mwanafunzi asifikirie kwamba wazo la kuchanganya safari, ngano na mambo ya ajabu lazima liagizwe kutoka ng'ambo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, aliwapakia wahusika wake katika matatu ya Mwaura kutoka Nairobi hadi Ilmorog, wakasimuliana njiani, wakifika wakutane na mashindano ya wezi. Riwaya hiyo ya Kigikuyu ilitoka mwaka wa 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, "Shetani Msalabani", ikafuata mwaka wa 1982. Msimulizi wake ni mcheza gĩcaandĩ, yaani mtambaji wa jadi. Kitabu hicho kilisomwa kwa sauti majumbani, katika vilabu vya pombe na hata ndani ya matatu. Kwa maneno mengine, wasomaji wake wenyewe waliigeuza riwaya ikawa tamthilia ya sauti bila kuombwa na mtu.

Kwa nini sauti, na si filamu? Jibu lilikwisha kutolewa mwaka wa 1924, BBC ilipotangaza "Danger", mchezo wa Richard Hughes ulioandikwa mahususi kwa redio. Hughes aliwafungia wahusika wake katika mgodi wa makaa ya mawe huko Wales, taa zikazimika, na msikilizaji akawa katika giza lilelile walimokuwa wao. Nyanya zetu walilijua hilo kabla ya redio kubuniwa. Ngano haikutambwa mchana. Ilitambwa usiku, moto ukififia, na vitu vyake vingi vimeundwa kwa ajili ya sikio.

Chukua ngano ya zimwi na watoto walioachwa peke yao nyumbani. Mama huenda kutafuta chakula, na wimbo wake ndio ufunguo wa mlango. Zimwi laja, laimba wimbo uo huo kwa sauti nzito, watoto wakataa kufungua. Laenda kuitengeneza sauti yake. Wasotho husema kwamba lilimeza chuma kilichopashwa moto. Larudi, laimba, na safari hii mlango wafunguliwa. Kisa chote kimo katika koo la mwigizaji mmoja. Au chukua kisa cha Wagikuyu cha mhunzi aliyekwenda mbali kufua chuma, akamwacha mkewe karibu na kujifungua. Zimwi lajitwika ukunga, lapika chakula, lampa mzazi kwa maneno matupu kisha lakila lenyewe. Mama aliyedhoofika ampa ndege mbegu za mbarika na kumtuma kwa mumewe. Ndege atua karibu na kiwanda cha mhunzi na kuimba, na wimbo wapenya katikati ya mlio wa nyundo. Kwanza mhunzi hasikii. Kisha aisimamisha nyundo. Hakuna mwelekezi wa filamu atakayeipita kwa uzuri ile nukta ambapo nyundo yanyamaza, na katika sauti kazi hiyo haigharimu kitu.

Hapa niruhusiwe kuzungumza kama mwanaisimu, kwani naamini Kiswahili kina hazina ambayo waandishi wetu wa mambo ya ajabu hawajaigusa. Karibu na mji wa Kitui kuna mwamba wa Nzambani. Wenyeji husema kwamba anayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Anayekisimulia kisa hicho kwa Kiingereza hana budi kuchagua kiwakilishi, na pindi anapochagua siri imetoka. Kiswahili hakimlazimishi. Alianza kuzunguka, akazunguka, akahema, akamaliza mara ya saba, akaketi. Nani huyo aliyeketi? Sarufi imenyamaza. Utingo wa lori, ambaye alfajiri alimwita "kaka", sasa ampa kikombe cha maji na kumwambia, "Pole, dada." Msikilizaji atashtuka bila ngoma kupigwa.

Mfano wa pili ni wa ngeli. Dereva ampakia abiria usiku pale Mtito Andei (jina lenyewe lina asili ya Kikamba, nalo lamaanisha msitu wa tai). Kwa dakika nzima msimulizi asema: ameketi, ametazama nje, hajatamka neno, amekunja mikono. Kisha, kwa sauti ileile tulivu, asema: "Limetabasamu." Silabi moja imembadilisha mtu kuwa jitu. Najua wapo walimu wenzangu watakaonikumbusha kwamba sarufi sanifu huvipa viumbe vyenye uhai upatanisho wa a- na wa-, hata zimwi. Ni kweli. Kwa kuwa kanuni hiyo imekaa vizuri masikioni mwetu, kuivunja kwatisha, na mwanafunzi aliyeisikia "limetabasamu" katika giza hatahitaji kufundishwa upya upatanisho wa kisarufi.

Si kila ngano itakubali, lakini. Luanda Magere ana mtego wake. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki haikumdhuru, na siri yake ilikuwa kivuli. Mke aliyeoa kutoka kwa maadui zake alipoambiwa achanje kivuli ili dawa ipakwe, aliona damu, akatoroka kuwaarifu watu wake. Sasa kivuli kina mlio gani? Waandishi wavivu watamfanya mke aseme kwa sauti, "Lo! Nakiona kivuli chake kikitoka damu!" Hakuna binadamu asemaye hivyo akiwa peke yake chumbani. Ningependa kuona wanafunzi wakihangaika na swali hili. Pengine wembe usikike ukikwaruza sakafu ya udongo, si ngozi, na mgonjwa aliyelala mbali na wembe huo agune kwa uchungu. Huenda wakapata njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kuhusu barabara yenyewe, msimamo wangu ni mkali zaidi. Ukiifuata njia kuu kutoka Mombasa hadi Busia, unapita katika Viswahili vingi. Mtu wa Mombasa anayezungumza Kimvita haiti njia "njia". Huiita "ndia", na nchi kwake ni "nti". Kabla lori halijafika Voi umekwisha kusikia lafudhi ya Kitaita, baada ya hapo ya Kikamba, kisha Mlolongo, mji unaosemekana kulipata jina lake kutokana na foleni ya malori. Nairobi inakutupia Sheng inayobadilika kabla hujaizoea. Bonde la Ufa lina wasemaji wake, na ukivuka kuelekea Kakamega na Busia utasikia konsonanti zikibadilishana nafasi kwa namna nyingine kabisa. Hata mianzo ya ngano hubadilika: pwani mtambaji atasema "Paukwa" na kujibiwa "Pakawa", kwa Wagikuyu atawaambia wasikilizaji waitikie "Itha", ziwani Mjaluo ataanza kwa "Chon gi lala".

Mchezo ambao wahusika wake wote, kutoka Likoni hadi mpakani, wanazungumza Kiswahili kimoja cha kitabu cha sarufi ni mchezo ambao haujasafiri. Gari limesimama kituoni na injini inanguruma tu. Nakiri kwamba msimamo huu huwakera baadhi ya walimu, na hofu yao naielewa, maana mwanafunzi akisikia makosa atayaandika katika insha. Lakini mwanafunzi huyo anayasikia makosa hayo kila siku sokoni na stejini. Hajawahi kuyasikia yakiwekwa mahali pake, mikononi mwa mtunzi anayejua kwa nini mama wa Emali asema hivi na kijana wa Eastleigh aseme vile. Msimulizi na azungumze Kiswahili sanifu, tena kizuri kabisa, na wahusika wazungumze walivyo. Jambo la kuepukwa ni dhihaka. Lafudhi ya Kiluhya au ya Kijaluo imetumiwa mno katika vichekesho vyetu kama alama ya ujinga. Ukitaka zimwi, usilipe lafudhi ya jirani yako.

Njia yenyewe imejaa visa, na mtunzi hahitaji kubuni vituo. Mackinnon Road pana kaburi la Sayyid Baghali, mjenzi wa reli aliyetoka Bara Hindi, ambaye husemekana kwamba karai lake la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Hadi leo wasafiri, Waislamu na wasio Waislamu, husimama hapo kuomba safari njema. Jiwe la Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, hulia machozi. Kit Mikayi, kwenye njia ya kutoka Kisumu kwenda Bondo, ni jiwe la mke wa kwanza. Mwandishi akiweka dereva mmoja, utingo mmoja na mzigo ambao hawaruhusiwi kuufungua, tayari ana vipindi sita.

Vifaa havinisumbui. Simu yenye kinasa sauti yatosha kwa kuanzia, na programu za kuhariri sauti kama Audacity hutolewa bure. Blanketi mbili zikitundikwa kwenye pembe ya bweni huua mwangwi kuliko vyumba vingi vya mikutano nilivyoviona. Upepo ni adui mkubwa, na soksi nene iliyofunikwa kwenye kipaza sauti hupunguza ukali wake. Sauti zinazozungumza katika tukio moja zisizidi nne, la sivyo msikilizaji hupotea. Mlio wa lori urekodiwe kwenye lori, likiwa limesimama na likipanda mlima, kwa idhini ya dereva, na mwanafunzi asininginie dirishani.

Linalonisumbua ni idhini ya aina nyingine. Wapo wanaodhani kwamba ngano, kwa kuwa haina mtunzi ajulikanaye, ni mali ya yeyote. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka wa 2016 haisemi hivyo. Inaipa jamii haki juu ya kile inachokihifadhi, na anayetaka kukitumia nje ya desturi zake anapaswa kupata ridhaa ya jamii hiyo akiwa ameieleza anachokusudia. Hata pasingekuwa na sheria, adabu ingetosha. Mwanafunzi anayemrekodi bibi mmoja kule Seme kwa saa mbili na kisha kuusambaza mchezo bila jina la bibi huyo amefanya yaleyale tunayoyalaani kila siku kwa wakusanyaji wa enzi za ukoloni, waliochapisha ngano zetu London wakawashukuru wamishenari wenzao. Msimulizi atajwe mwanzoni, iwapo mwenyewe ataka kutajwa. Apelekewe nakala. Mchezo ukiingiza fedha, apate fungu lake. Na kuna mambo yasiyorekodiwa kabisa: kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi yake zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008, zina sehemu ambazo mgeni haingii, na wazee wakisema hapana, jibu ni hapana. Mtunzi mwema atapata kitu hata katika kukataliwa huko. Dereva wake anaweza kuzima injini nje ya msitu na kungoja, nasi tukangoja naye bila kuambiwa kilichomo.

Watakuwepo pia wazazi watakaolalamika kwamba shule inafundisha majini na uchawi. Sioni haja ya kubishana nao kwa muda mrefu. Waalikwe kusikiliza. Wengi wao waliwahi kupita Mackinnon Road usiku, na nina shaka kama walipita bila kusema neno.

Limebaki suala la msikilizaji. Vifurushi vya intaneti bado ni ghali kwa mwanafunzi wa kijijini, na anayetegemea mtandao peke yake atasikilizwa na wale wale wenye simu za bei. Pana hadhira iliyokaa tayari, haina la kufanya, na imo safarini: abiria wa matatu na mabasi ya usiku. Makanga wana spika kuliko vyuo vikuu vyetu, na kadi moja ya kumbukumbu yatosha kwa safari nzima ya kwenda Mombasa. Ningewashauri wanafunzi waanzie hapo, kwa kipindi kifupi cha dakika kumi na tano, na watakapofika studioni, yaani penye blanketi zao, wazingatie jambo moja dogo la ufundi. Msimulizi akishasema "Paukwa", wasimwandikie mwigizaji wa kuitika. Waache kimya cha sekunde mbili au tatu ndani ya kanda, ili abiria wa viti vya nyuma wapate nafasi ya kujibu.